Kinywa Kilichokosa Kutulia: Maisha ya Marehemu Raymundi Ngollo

Tuliokusanyika hapa Mwalulu leo, Jumamosi tarehe 11 Februari 1978, tunamsindikiza mtu ambaye wengi wenu mlimjua kwa kinywa chake kabla ya kumjua kwa jina. Basi tuanze na jina. Aliitwa Raymundi Ngollo. Mkewe, Benedikta, ameomba mambo yake yasemwe yote mbele ya watu, hata yale ambayo yeye mwenyewe mpaka asubuhi ya leo hajayaelewa.

Marehemu alizaliwa Usinge, Ijumaa tarehe 31 Agosti 1923, siku ya Mtakatifu Raymundi, kwa hiyo jina halikutafutwa, lilimkuta. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho kwa mama yake. Ukoo wa Ngollo si wa juzi. Babu yake alibeba pembe za ndovu begani kati ya Tabora na Ujiji wakati reli haijaotwa hata ndotoni, na alijua kila kambi ya njiani, wapi maji ni matamu na wapi yana chumvi. Baba yake alibatizwa ukubwani. Marehemu alibatizwa akiwa na wiki mbili, akalia kwa nguvu mpaka padri akasema huyu atakuwa mwimbaji. Padri alikosea. Sauti ya Marehemu ilikuwa ndogo maisha yake yote, ukitaka kumsikia ilikubidi usogee.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1932 hadi 1936, akamaliza darasa la nne. Dada yake Getruda alikuwa darasa moja mbele, na mwandiko wa Getruda ndio uliobandikwa ukutani, jambo ambalo Marehemu hakulikana hata siku moja. Yeye alipenda treni. Asubuhi moja alichelewa, mwalimu akamuuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa nahesabu mabehewa, mwalimu."

"Na kengele hukuisikia?"

"Niliisikia. Lakini behewa la mwisho lilikuwa halijapita, ningeliachaje?"

Alichapwa, na kesho yake akachelewa tena. Hakuna aliyeshangaa mwaka 1944 alipoajiriwa relini, kwanza kwenye genge la kutengeneza njia, na mwaka 1950 akahamishiwa Kaliua kwenye kazi ya pointi, yaani kugeuza reli ili treni ya Mpanda isifuate njia ya Kigoma. Hiyo si kazi ya mtu mwenye mawazo mengi, na Marehemu wakati huo alikuwa na wazo moja tu, kwamba kila treni ifike inakokwenda.

Jumamosi tarehe 8 Januari 1949 alifunga ndoa takatifu na Benedikta, dada wa katekista wetu Eustace. Walijaliwa watoto wanne, wa kwanza Nyamizi. Nyumba yao pale Kaliua ilikuwa nyuma ya stesheni, na wageni wa Mpanda waliokosa treni walilala hapo bila kuulizwa kabila wala dini. Mwanahawa, muuza vitumbua wa stesheni, aliweka meza yake kwenye ukuta wao. Yeye na Marehemu walitaniana miaka yote, na yupo hapa leo, amekuja kwa treni.

Siku ya Uhuru, mwaka 1961, Marehemu alikuwa zamu. Kwa furaha alifunga kitambaa cha kijani kwenye mpini wa pointi. Dereva wa treni ya Kigoma akasimama mbali, akateremka, akaja kwa miguu.

"Bwana Raymundi, hiyo kijani ni ya njia au ya Uhuru?"

"Ya Uhuru, mzee. Njia bado."

Kichekesho hicho kilisimuliwa Kaliua kwa muda mrefu. Benedikta anakipenda kwa sababu ni cha mwisho cha wakati ule, kabla mambo hayajachanganyika.

Mwaka 1965, mwezi wa Mei, Marehemu alianza kusikia reli ikimwambia maneno. Mwanzo aliyacheka. Baadaye aliacha kula. Siku moja alisimama katikati ya njia akiwa ameinua mikono yote miwili, treni ya barua ikasimama hatua chache kutoka kifuani kwake, na alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba reli imemkataza kuipitisha. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Alipelekwa kwa treni hiyohiyo hadi hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, mbali upande wa mashariki. Benedikta alibaki na watoto, akilima na kuwaambia watu kwamba mumewe yuko safarini, na hakuwa mwongo.

Alirudi Julai 1967, mwaka wa Azimio. Kichwa kilikuwa kimetulia. Alimjua kila mtu, aliuliza habari za kila mtu, na reli haikumsemesha tena. Alikuja na vidonge, na kila mwezi alikwenda kuchomwa sindano. Lakini karamu ya kumpokea ilileta mshangao wa kwanza. Wali ulikuwa umeiva, kuku wamechinjwa, shemeji yake Eustace amekwishasali, na Marehemu hakuweza kukaa. Alikaa, akasimama. Akakaa, akasimama. Alipokuwa amesimama miguu yake ilikanyaga chini papo hapo, kama mtu anayeendesha cherehani ambayo haipo.

Mama mkwe akamnong'oneza binti yake, "Mwenzio huyu anataka kuondoka tena."

"Baba Nyamizi," Benedikta akamuuliza, "unakwenda wapi?"

"Siendi popote, Mama Nyamizi. Ni miguu. Mimi nimekwishafika."

Alikula akiwa anatembea. Miguu ikapungua kusumbua baada ya miezi, na kwa kuwa kazi ya pointi alikuwa amepumzishwa, akaenda porini kutundika mizinga ya nyuki. Asali yake mnaijua. Benedikta akadhani sasa wamevuka.

Mwaka 1970 kikaanza kinywa.

Kilianza pembeni mwa midomo, kama mtu anayeonja kitu. Kisha taya likaanza kutafuna, asubuhi hadi jioni, bila tonge. Kisha ulimi ukawa unatoka na kurudi wenyewe. Marehemu mwenyewe hakukigundua. Aliambiwa na Mwanahawa.

"Bwana Raymundi, unatafuna nini peke yako siku hizi? Uchoyo huo umeanza lini?"

"Natafuna?"

"Tangu asubuhi!"

Akaweka mkono mdomoni, akausikia unakwenda. "Basi natafuna upepo, bibi. Lete kisahani nikumegee."

Watu hawakujua waseme nini, na watu wasipojua la kusema husema mengi. Mwanahawa alisema kwao mtu wa namna hiyo angedhaniwa yuko kwenye uradi, anamtaja Mungu bila kuchoka. Wakatoliki wakasema ni rozari. Mama mmoja kutoka mbali alimletea kuku ili amwombee mtoto wake aliyekuwa na degedege.

Marehemu akamwambia, "Mama, mimi siombi. Natafuna."

Yule mama akaona huo ndio unyenyekevu wenyewe, akaenda kuleta kuku wa pili.

Benedikta alicheka pamoja na wengine. Hadi Pasaka ya mwaka 1972, tarehe 2 Aprili. Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje. Marehemu alipiga magoti mbele ya altare, akafumba macho, akatoa ulimi kama sote tulivyofundishwa, padri akaweka Mwili wa Bwana. Ulimi ukaingia, ukatoka, ukausukuma. Hostia ikaanguka sakafuni.

Waliokuwapo mnaikumbuka siku ile. Padri, mgeni aliyekuja kwa ajili ya sikukuu, aliinama akaiokota mwenyewe, akaagiza maji, akaosha mahali pale kwa mikono yake. Marehemu alibaki amepiga magoti, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na viganja vikawa vinacheza pamoja na mdomo. Nje, kabla hata watu hawajatawanyika, neno lilikuwa limekwishatembea: ulimi umemkataa Bwana.

Jioni Eustace akaja. Ni katekista, na ni shemeji. Hakukaa.

"Dada, mimi simhukumu Raymundi. Lakini asikaribie Komunyo mpaka jambo hili lieleweke."

"Litaeleweka na nani?"

"Sijui."

"Na akifa halijaeleweka? Utamzika wapi, kaka? Kando kule, penye wasiobatizwa?"

Eustace alitazama mlango. Akasema tena kwamba hajui, akaenda zake. Tangu siku hiyo ndicho kitu kimoja Benedikta alichokitaka duniani: mumewe arudishwe kwenye meza ya Bwana, asizikwe kando kama mtu aliyemtemea Mungu.

Ukoo ulikaa. Mzee mmoja alisema ni babu mpagazi, aliyefia njiani akiwa na kiu, anadai pombe ya matambiko. Mwingine akasema ni pepo la hospitali. Getruda akauliza swali moja: kinywa hiki kilikuwepo kabla ya dawa? Hakikuwepo. Basi waliona jibu ni wazi kama mchana. Dawa ikaachwa, yote, vidonge na sindano, kwa kauli ya kikao kizima.

Kinywa kilizidi. Badala ya kupungua, taya likaenda mbio, na mabega nayo yakaanza kujipinda. Na kabla masika hayajaisha, reli ikarudi kusema. Marehemu alikutwa anatembea katikati ya njia kuelekea Usinge, akijibu maneno ambayo wengine hawakuyasikia, na kinywa kikitafuna katikati ya majibu. Benedikta alivifukua vidonge kutoka sandukuni akampa kwa mkono wake, kikao hakikuulizwa. Reli ikanyamaza tena. Kinywa hakikunyamaza. Hapo ndipo akili ya Benedikta ilipogoma kabisa. Dawa ikiwepo kinacheza, dawa ikiondoka kinacheza zaidi. Sasa ashike lipi?

Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, familia ikahamia hapa Mwalulu, pamoja na Eustace na waamini wengi wa Kaliua. Katika mkutano wa kwanza wa kijiji Marehemu alikaa mstari wa mbele, kwa heshima. Mwenyekiti Shomari alikuwa anaeleza shamba la pamoja, akasimama katikati ya sentensi.

"Ndugu Raymundi, mbona unanitolea ulimi?"

"Si mimi, Ndugu Mwenyekiti. Ni huyu." Akanyooshea kidole mdomo wake.

"Basi huyo mwambie akakae nyuma."

Mkutano ulicheka mpaka Mwenyekiti naye akacheka. Lakini Marehemu alikwenda kweli akakaa nyuma, na tangu siku hiyo alikaa nyuma kila mahali, kanisani pia, jirani na mlango, asije akamkera mtu. Na Komunyo ilipogawiwa alitoka nje akasimama juani.

Mwezi wa Septemba 1975 Benedikta aliuza nta, akakata tiketi mbili za Tabora, wakafikia kwa jamaa pale Gongoni. Daktari waliyemwona alikuwa kijana, na alimwamkia Marehemu "shikamoo" kabla ya kumwuliza lolote, jambo lililomfanya Benedikta amwamini. Alimwambia Marehemu atoe ulimi na aushikilie nje. Ulimi ukakataa kukaa. Akamwambia aguse vidole vyake kimoja kimoja, na miguu ikaanza cherehani yake. Akawaketisha.

"Si pepo, mama, wala si dharau. Dawa hii inatuliza kichwa. Lakini kwa baadhi ya watu, ikitumika miaka, inavuruga ile amri inayokwenda kwenye misuli. Kinywa kinakwenda chenyewe bila mwenyewe kutaka."

"Tuliiacha, kikazidi."

"Hutokea hivyo. Inaweza kuondolewa na kinywa kisiache. Kwanza huzidi. Kwa wengine hupungua polepole, kwa wengine hapana."

"Mwanangu," Benedikta akasema, "moto unaozidi kuni zikitolewa, huo ni moto gani?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, hata sisi tunajiuliza. Sina dawa ya kinywa hiki. Ninachoweza ni kupunguza ile ya kichwa, kidogo kidogo, tuone. Au kuiondoa, lakini mmekwishaona nini hufuata. Yeye mwenyewe anasemaje?"

Katika miaka yote ile hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo Marehemu. Akasogea mbele, kwa ile sauti yake ndogo.

"Punguza, usiondoe. Mdomo uende unakotaka. Mimi nibaki nyumbani."

Wakarudi na dozi ndogo. Benedikta hakuwa ameelewa zaidi ya alivyoelewa alipokwenda, ila sasa aliweza kusema kwa mdomo mpana kwamba ni dawa. Akaenda moja kwa moja kwa Eustace, na Eustace, ambaye tusimfiche, alikuwa amekonda kwa jambo hilo, akawaongoza yeye mwenyewe hadi parokiani.

Padri wa parokia aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema hajapata kukutana na jambo kama hilo, na kwamba kumnyima mgonjwa Mwili wa Bwana hawezi, na kuuacha uanguke tena hawezi vilevile. Akamgeukia Benedikta.

"Nyumbani anakulaje?"

"Kama watu, Padri. Tena ananishinda."

"Ugali hauanguki?"

"Haujaanguka."

"Basi kwa nini hostia ianguke?"

Akajibu Marehemu.

"Padri, ugali hauniambii nitoe ulimi. Ulimi ukiwa ndani tunaelewana kidogo. Nikiutoa nje si wangu tena."

Miaka mitatu na nusu kanisa zima lilikuwa limetafuta pepo, na kumbe shida ilikuwa katika ile adabu ya kupokea ambayo kila mmoja wetu alifundishwa utotoni, wala haikuwahi kumpitia mtu akilini kwamba adabu inaweza kumshinda mtu mwenye imani. Padri akaleta mkate mdogo ambao haujabarikiwa, wakajaribu pale ofisini. Wa kwanza ulianguka, kwa kuwa Marehemu kwa mazoea alitoa ulimi. Wa pili padri aliuweka ndani, nyuma ya meno, kama mama amlishavyo mtoto, akamnywesha kijiko cha maji. Taya likatafuna, likatafuna, mkate ukaenda. "Lakini kanisani sitakuwa ofisini," Marehemu alisema. "Watu wakinitazama huzidi."

Alisema kweli. Krismasi ya mwaka 1975 alikuja mbele wa mwisho kabisa, na kati ya waliokwisha kupokea hakuna aliyetoka nje, wote walibaki kutazama. Kinywa kilikwenda kama mashine ya kusaga. Eustace alishika ile sahani ya dhahabu chini ya kidevu cha shemeji yake, na sahani ilitetemeka kuliko kidevu. Padri akasema, "Mwili wa Kristo." Marehemu akasema, "Amina," na kwa kuwa alikuwa anasema, kinywa kilitii kwa kitambo kidogo, na katika kitambo hicho padri akaweka. Midomo ikafunga. Ikatafuna. Ncha ya ulimi ikatokea, ikarudi.

Kisha Marehemu akafanya jambo ambalo halikuwa limepangwa. Akafungua kinywa wazi, akainua ulimi, akamwonyesha padri huku na huku kwamba hakuna kilichobaki, kama alivyozoeshwa na wauguzi kule hospitalini kila alipomeza vidonge.

"Imekwenda," akasema.

Kanisa lilicheka, na ndani ya kicheko hicho watu wengi walikuwa wanalia. Si wote. Wapo walioendelea kusema wanachosema, na hatutawataja, wanajijua. Lakini tangu Krismasi hiyo Marehemu hakusimama tena juani.

Kinywa chenyewe hakikupona. Kilipungua mwaka 1976, kikarudi mwaka uliofuata, dozi ikiwa ileile. Hakuna aliyeweza kueleza. Mwezi wa Januari mwaka huu kumeza kukawa kugumu, chakula kikawa kinapita njia ya hewa, ikafuata homa ya mapafu. Jumatano ya Majivu padri alimletea majivu, Mpako Mtakatifu na Komunyo nyumbani, kipande kidogo ndani ya kijiko cha maji. Alikipokea. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Februari 1978, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, alifariki. Benedikta, aliyemshika mkono, anasema kinywa kilitulia kwanza na pumzi zikafuata baadaye, na katikati hapo alimwona mumewe kama siku ya harusi, akataka kumwita mtu aje aone, kisha akatambua ni nini alichokuwa anakitazama. Mpaka sasa hajui kama ashukuru au aulize. Anafanya yote mawili.

Marehemu ameacha mjane, Benedikta, watoto wanne, Nyamizi, Imakulata, Eustadia na Abeli, wajukuu saba, dada yake, Getruda, shemeji zake wote, wakiongozwa na katekista Eustace, na mizinga yake porini, ambayo Abeli amekubali kuirithi pamoja na nyuki wake wakali.

Kaburi hili mnaloliona halipo kando. Lipo katikati ya waamini wenzake, kati ya mama mkwe wake na mzee wa kigango wa kwanza. Eustace ndiye aliyepima mahali, na jana ndiye aliyepiga jembe la kwanza bila kumngoja mtu.

Ee Bwana, mpokee Raymundi mezani pako bila kumwuliza maswali. Apumzike kwa amani, yeye na kinywa chake.